Mwenye funguo alipougua

Mashirika madogo ya kusaidia jamii huanzishwa kwa huruma na moyo wa kujitolea. MWANDISHI WETU, ambaye ni katibu wa kamati ya kituo kimoja jijini Nairobi, aeleza jinsi moyo huo huo unavyoweza kuyatia taabani.

ILIKUWA Jumatatu, mwezi Juni mwaka 2019. Watoto wapatao 60 kutoka shule za jirani walikuwa wamepanga foleni mbele ya jiko la kituo kimoja mtaani Kayole, Nairobi, kila mmoja na sahani yake mkononi, kama walivyozoea kila adhuhuri. Siku hiyo hawakupata kitu.

Si kwamba chakula hakikuwako. Stoo ilikuwa na magunia mawili ya mahindi na moja la maharagwe, na kuni zilikuwa zimepangwa kando ya ukuta. Mpishi naye alikuwa amefika tangu alfajiri. Kilichokosekana ni ufunguo wa kufuli ya stoo. Ufunguo huo ulikuwa ndani ya mkoba wa mwanamke aliyelazwa hospitalini tangu Jumamosi usiku baada ya kupatwa na kiharusi, naye hakuweza kutamka neno.

Nayajua haya kwa sababu nilikuwapo. Mimi ni katibu wa kamati ya kituo hicho tangu mwaka 2015, cheo nilichopewa kwa kuwa nilikuwa na kompyuta wala si kwa kuwa niliijua kazi ya ukatibu. Kituo chenyewe sitakitaja. Wala sitamtaja mwanzilishi wake, ambaye sote twamwita Madam kwa kuwa alifundisha shule ya msingi hadi alipostaafu mwaka 2008. Yeye mwenyewe ameniruhusu niandike, mradi nisimfanye malaika wala shetani. Nitajaribu.

Kufuli tuliivunja kwa nyundo siku ya pili na githeri ikapikwa. Hapo ndipo tulipogundua kwamba stoo ilikuwa tatizo dogo kuliko yote. Orodha ya watoto na namba za simu za wazazi wao ilikuwa katika daftari ambalo hakuna aliyejua liliko. Michango ya wahisani ilikuwa ikiingia kwa M-Pesa katika simu ya Madam mwenyewe, na namba ya siri aliijua peke yake. Mfadhili wetu mkubwa, aliye ng'ambo, alikuwa akimwandikia kwa anwani yake binafsi ya barua-pepe. Benki nayo ilitaka sahihi mbili kati ya tatu: ya Madam, ya kakake aliye Kitale na ya mweka hazina. Mweka hazina alikuwa ameenda Qatar kutafuta kazi mwaka uliotangulia, na hakuna aliyekumbuka kumbadilisha. Akaunti ilikuwa na zaidi ya shilingi 200,000, nasi hatukuweza kununua pakiti ya chumvi.

Ilituchukua wiki sita kubadilisha watia sahihi. Benki ilidai kumbukumbu za mkutano uliowachagua maafisa wapya, kumbukumbu hizo zitiwe sahihi na mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa ni Madam. Sitasimulia safari zote tulizofanya kati ya benki, ofisi ya usajili na wadi ya hospitali. Msomaji ambaye amewahi kufuatilia hati yoyote jijini anazijua.

Katika wiki hizo sita watoto walikula kwa sababu ya mpishi. Alikwenda kwa mwenye duka wa jirani akakopa mafuta, vitunguu, chumvi, na baadaye hata mahindi, kwa jina lake mwenyewe. Hakutuambia. Nilijua nilipomwona mwenye duka amesimama langoni na daftari la madeni. Mpishi huyo nitamrudia, maana habari hii hatimaye ni yake.

Mbona hatukuuliza?

Mtu atauliza: Je, kamati ilikuwa wapi miaka yote hiyo? Kamati ilikuwako. Sheria haimwandikishi mtu mmoja kuwa shirika. Uwe umejisajili kama kikundi cha kijamii, chama au shirika lisilo la kiserikali, utatakiwa kuonyesha katiba, majina ya maafisa na kumbukumbu za mikutano. Kwa miaka mingi mashirika yasiyo ya kiserikali yalitawaliwa na sheria ya mwaka 1990. Bunge lilipitisha nyingine mwaka 2013, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, lakini ilikaa rafuni zaidi ya miaka 11 hadi ilipoanza kutumika tarehe 14 Mei mwaka 2024. Sheria zote hizo hutaka uongozi wa watu wengi.

Nasi tulikuwa nao, katika faili. Wanakamati saba: marafiki wanne wa Madam kutoka kanisa lake, kakake, yule mweka hazina wa Qatar, na mimi. Tulikutana mara mbili kwa mwaka. Tulikunywa chai na mandazi, tukasomewa ripoti, tukapiga makofi na kufunga kwa sala. Katiba yetu ilisema uchaguzi ufanywe kila baada ya miaka mitatu. Haukuwahi kufanywa hata mara moja, na hakuna aliyelalamika, nikiwemo mimi niliyekuwa nikiandika kumbukumbu hizo.

Nimejiuliza mara nyingi ni kwa nini nilinyamaza. Jibu ninalopata ni la aibu kidogo. Madam aliuza ploti yake ya Ruai ili kujenga darasa na jiko lile. Pensheni yake ilikuwa ikiishia kwenye unga. Ni nani angesimama mbele ya mama kama huyo, aliye na umri wa kumzaa, amuulize risiti ya shilingi 3,000 iko wapi? Ingekuwa kama kumuuliza mamako ugali wa jana uligharimu kiasi gani. Basi adabu ikachukua mahali pa hesabu. Madam hakuwa akiiba, na wala simaanishi hivyo. Lakini hata angalikuwa mwizi, sisi hatungejua.

Kwa upande wake Madam alikuwa na sababu ya kushika kila ufunguo. Mwaka 2011, kabla sijafika, alimwachia kijana mmoja stoo alipokwenda matangani kwao. Aliporudi mifuko mitatu ya mchele ilikuwa imeuzwa. Mfadhili wa wakati huo hakutaka maelezo, na Madam akalipa kutoka mfukoni mwake. Aliniambia kwamba siku hiyo aliapa kuwa hataumwa mara mbili na nyoka yule yule. Ukimsikiliza, utaona kwamba wanaoitwa wanzilishi wang'ang'anizi wengi hawakuzaliwa hivyo.

Wengine waliokuwa hapo kabla yetu

Kituo kuwa mkononi mwa mtu mmoja si lazima kiwe ni kosa la mtu huyo. Profesa Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, watu wengi walilijua shirika hilo kwa jina lake yeye tu. Mwaka 1989 alipopinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, shirika lilifurushwa kutoka ofisi iliyokuwa mali ya serikali. Likahamia nyumbani kwake South C na kufanyia kazi hapo kwa miaka kadhaa. Makabati, mashine za kuchapa na wafanyakazi, wote ndani ya nyumba ya mwenyekiti! Ingekuwa shirika jingine, labda lingekufa siku mwenye nyumba alipoondoka.

Halikufa. Alichaguliwa mbunge wa Tetu mwaka 2002, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, akafariki tarehe 25 Septemba mwaka 2011, na shirika lingalipo. Kwa maoni yangu siri ilikuwa katika namna kazi yenyewe ilivyogawanywa tangu mwanzo. Miche haikukuzwa ofisini. Ilikuzwa na makundi ya akina mama vijijini, wengi wao wakiwa hawana hata cheti cha shule ya msingi, na kila kundi lilikuwa na kitalu chake na hesabu yake. Walilipwa senti chache kwa kila mche uliopandwa ukashika. Kwa hivyo mama wa Nyeri au Murang'a hakuhitaji kungoja simu kutoka Nairobi ili amwagilie miche maji.

Mfano wa pili uko hapa hapa jijini, Kibera. Mwaka 2000 muuguzi mmoja mjane, Tabitha Atieno Festo, alipewa dola 26 na mwanafunzi wa Marekani, Rye Barcott. Aliuza mboga, na kwa faida aliyopata akafungua kliniki katika nyumba yake. Mwaka uliofuata wawili hao pamoja na kijana wa Nairobi, Salim Mohamed, walianzisha shirika la Carolina for Kibera. Tabitha alifariki Desemba mwaka 2004. Shirika lilikuwa na miaka mitatu tu. Kliniki ikaendelea, na mpaka leo jina lake liko juu ya mlango. Kituo chetu kilipokuwa na miaka kumi hakikuweza kuvumilia hata wiki moja bila mwenyewe.

Msichana wa diploma

Turudi Kayole. Kufikia Septemba mwaka ule Madam alikuwa akitembea kwa mkongojo na kusema polepole. Kamati, ikiwa bado na hofu, iliamua kuajiri mshirikishi wa kulipwa mshahara. Tulibandika tangazo na maombi yakatujia kama mvua, kwa maana kazi mjini ni shida. Tulimchagua msichana mwenye diploma ya maendeleo ya jamii, tukamwahidi shilingi 35,000 kwa mwezi.

Kwa miezi mitatu alifanya ambayo hatukuwa tumeyafanya kwa miaka kumi. Aliandika orodha mpya ya watoto, akafungua daftari la matumizi madogo madogo, akampelekea kila mfadhili ripoti ya kurasa mbili. Alifungua namba ya malipo ya M-Pesa kwa jina la kituo, inayosimamiwa na watu wawili. Hesabu zilikuwa zikishughulikiwa na mpwa wa Madam. Mshirikishi alipozikagua ilibainika kuwa hazikuibwa, ila hazikuwa zimeandikwa kwa miezi 14. Hakuna aliyekuwa tayari kumfukuza mpwa. Hatimaye Madam mwenyewe alituambia tufanye tunavyoona sawa, akatoka nje ya chumba tusimwone uso.

Baada ya miezi 11 msichana huyo aliacha kazi. Shirika moja kubwa la kimataifa lilikuwa limemwita, kwa mshahara unaokaribia mara tatu ya wetu. Kamati ilikasirika kama familia ambayo binti yake ametoroshwa. Mmoja wetu alisema kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo wa kusaidia, wanataka pesa tu.

Nilimsindikiza hadi steji. Kodi ya nyumba yake Umoja ilikuwa shilingi 12,000, na alikuwa na mdogo wake wa sekondari wa kumlipia karo. Lakini hakuzungumzia mshahara sana. Alizungumzia wino wa printa. Wino huo uligharimu shilingi 800, na kila ulipoisha alilazimika kupanda matatu hadi nyumbani kwa Madam kuomba idhini. Akiwa huko aliulizwa habari za kila mtoto, za jiko, za choo, na aliporudi kituoni alikuta maagizo mapya yameshatangulia kwa simu. Tulikuwa tumempa kazi bila mamlaka. Hata Mkenya mwenye moyo wa dhahabu atachoka kuomba wino.

Hapa ni lazima niwaseme wafadhili pia, maana si haki kuwatupia wanzilishi lawama zote. Mfadhili hupenda kulipia kinachopigwa picha: vitabu, madawati, sahani ya chakula. Mshahara wa mtu wa kuweka risiti huitwa gharama za usimamizi, na kila shilingi inayokwenda huko huonekana kama imepotea. Hata serikali ya Marekani, kwa mashirika ambayo hayakuwa na makubaliano maalumu, kwa miaka mingi iliruhusu asilimia 10 tu ya gharama za moja kwa moja itumike kwa shughuli za jumla kama kodi ya ofisi, umeme na uhasibu. Kiwango hicho kilipandishwa hadi asilimia 15 kuanzia tarehe 1 Oktoba mwaka 2024. Mashirika madogo yalishangilia, lakini furaha ilikuwa fupi. Tarehe 20 Januari mwaka 2025 Rais Donald Trump aliagiza misaada ya nje isimamishwe ili ichunguzwe, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limekoma kuendesha misaada.

Sisi hatukuwahi kupokea senti kutoka Washington moja kwa moja. Hata hivyo shirika moja kubwa zaidi la hapa nchini lilikuwa likitupa sehemu ya fedha hizo kwa mradi wa wasichana, na ndizo zilizomlipa mshirikishi wetu wa tatu na walimu wawili wa jioni. Barua ya kutuambia tusimamishe kazi ilikuwa na aya mbili. Mwezi Februari tukaitisha mkutano wa kuamua nani abaki na nani aende.

Faili ambalo halikuwako

Mshirikishi alileta mafaili ya wafanyakazi mezani. Lake lilikuwako, ya walimu yalikuwako, kila moja na barua ya kuajiriwa. La mpishi halikuwako.

Alikuwa ameanza kazi mapema mwaka 2014. Kwa miaka 11 alifika saa kumi na mbili asubuhi, siku tano kwa wiki. Hakuwa na mkataba. Hakuwa amelipiwa NSSF hata mwezi mmoja. Katika vitabu vyetu shilingi 9,000 alizopata kila mwezi ziliandikwa "posho", kwa kuwa alihesabiwa kuwa ni mtu wa kujitolea, na mtu wa kujitolea hana mshahara.

Sheria haidanganywi na neno posho. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka kazi yoyote ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na hata kibarua wa siku akifanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi mmoja, anakuwa na haki za mwajiriwa wa mwezi. Kiwango cha chini cha mshahara Nairobi kwa kazi ya daraja la chini kabisa, kama kufagia au kulima bustani, kilikuwa kimepandishwa mwezi Novemba mwaka 2024 hadi shilingi 16,113.75, bila marupurupu ya nyumba. Sisi, kituo kilichokuwa na bango langoni linalosema twatetea wanyonge, tulikuwa tukimlipa mama aliyewalisha wanyonge hao zaidi kidogo tu ya nusu ya kiwango cha mfagiaji.

Nilisoma hesabu hizo kwa sauti. Kimya kikatanda. Kisha Madam akasema, bila hasira, kwa ule usemi wake wa polepole:

"Na mimi nimelipwa nini?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Ni kweli kwamba kwa miaka 16 hakuwa amechukua hata senti. Ndipo nilipoelewa jambo ambalo lilikuwa limejificha mbele ya macho yetu. Madam hakumnyonya mpishi kwa ukatili. Alimpima kwa kipimo alichojipimia mwenyewe. Alikuwa amejitoa mhanga, na aliona ni heshima kumshirikisha mwenzake katika mhanga huo. Tofauti ni kwamba Madam alikuwa na pensheni, na mpishi alikuwa na chumba cha mabati na watoto wanne. Madam alikuwa amechagua. Mpishi hakuulizwa.

Wakati huo huo mpishi aliingia na birika la chai. Alipanga vikombe, akamimina, akaondoka. Hatukumtazama usoni, yeyote kati yetu.

Iliyofuata ilikuwa mikutano mitatu migumu kuliko yote ambayo nimewahi kuandikia kumbukumbu. Hesabu yenyewe si ngumu. Ukimlipa mtu shilingi 16,113.75, mwajiri huongeza asilimia 6 kwa NSSF na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, yaani karibu shilingi 1,200. Jumla yapita 17,300 kabla hujagusa marupurupu ya nyumba. Kutoka 9,000 hadi hapo, fedha za ziada zatoka wapi, na mfadhili amekwisha kuondoka? Zilikuwa mahali pamoja tu, nazo ni kwenye sufuria. Kumlipa mpishi kwa haki kulimaanisha sahani chache zaidi kwa watoto.

Mwanakamati mmoja, mzee wa kanisa, alisema ni dhambi kumnyang'anya mtoto chakula ili mtu mzima apate pensheni. Mwingine akamjibu kwamba dhambi ilikuwa imekwisha kutendwa miaka 11 mfululizo, ila ilitendewa jikoni ambako hatukuwa tukiingia. Kakake Madam alitaka mpishi aulizwe kama yuko radhi kuendelea vile vile. Nilipinga hilo kwa nguvu. Mtu ambaye hana kazi nyingine ya kukimbilia, ukimuuliza kama yuko radhi, umemuuliza nini?

Tuliamua kwa kura nne dhidi ya tatu. Chakula kikapunguzwa kutoka siku tano hadi nne kwa wiki, Ijumaa ikaondolewa. Wazazi wanaojiweza wakaombwa shilingi 10 kwa sahani. Mpishi akapewa mkataba kuanzia tarehe 1 Mei mwaka 2025. Ile miaka 11 ya nyuma tulikubali kwamba ni deni, na twalilipa kidogo kidogo, kwa mwendo ambao si wa kujivunia. Mshirikishi alikwenda. Kazi yake tumeigawana wanakamati watatu, kila mmoja siku zake, na siwezi kusema tunaifanya vizuri kama yeye.

Niliunga mkono uamuzi huo na hata leo ningeuunga mkono. Lakini sipiti kituoni siku za Ijumaa.

Wewe mwanafunzi unayetafuta mahali pa kufanyia mafunzo ya nyanjani mwaka huu, huenda utapelekwa kwenye kituo kama chetu. Utaonyeshwa ukuta wa picha na kitabu cha wageni. Tafuta nafasi uongee na mpishi, mlinzi na mama wa usafi, uwaulize wamekuwapo tangu lini na wana karatasi gani mkononi. Utajifunza uongozi zaidi kuliko katika ripoti ya mwaka. Nawe mzazi ambaye umeombwa kuwa mweka hazina wa kituo cha mtaa kwa sababu una jina zuri, kubali, kazi ni njema. Ila siku ya kwanza uulize ni nani wanaotia sahihi benki, wako wapi kwa sasa, na iwapo mwanzilishi akilazwa leo usiku, ni nani atafungua stoo kesho asubuhi. Wakikuambia una kiburi, rudia swali.

Uchaguzi tulifanya mwezi Juni mwaka 2025, wa kwanza tangu kituo kianzishwe. Madam hakugombea. Alipewa cheo cha mlezi, na katika mikutano hukaa karibu na dirisha. Hajanyamaza kabisa. Mwezi uliopita alituambia kwamba githeri ya siku hizi haina chumvi, na kwamba rangi ya jiko ni ya duka la nyama. Mwenyekiti mpya alimshukuru na kuendelea na ajenda.

Ufunguo wa stoo sasa una nakala tatu. Mmoja uko kwa mwenyekiti, mwingine ofisini, na wa tatu kwa mpishi, pamoja na daftari ambalo kila anayeingia huandika jina, saa na alichochukua. Alhamisi iliyopita nilimkuta Madam amesimama mlangoni pa jiko, akitaka kuingia kuangalia kama maharagwe mapya yana dumuzi. Mpishi alipangusa mikono kwa aproni, akampa ufunguo, kisha akamsogezea daftari na kalamu.

"Madam, andika hapa kwanza."

Madam alimtazama kwa muda. Kisha akaegemeza mkongojo ukutani, akavaa miwani, akaandika.